Kahawa, Enaji na Kazi ya Usiku: Namna ya Kukesha Bila Kuamka na Kisirani

Nauza dawa dukani hapa Ngamiani, Tanga, na maswali ni yaleyale kila wiki. Mlinzi anataka dawa ya usingizi. Kijana wa bodaboda anataka apimwe presha kwa sababu moyo unamwenda mbio. Mwanafunzi anauliza kama kuna vitamini ya kutuliza hasira, maana siku hizi hata salamu inamkera. Mke wa kibarua wa bandarini anamuulizia mumewe: zamani alikuwa mtu wa mizaha, tangu aanze shifti za usiku akirudi ni kununa tu, kwani amepatwa na nini?

Mimi huwarudishia swali moja: kikombe cha mwisho umekunywa saa ngapi? Wengi hawakumbuki. Ndiyo maana nimeamua kuandika haya mara moja ili niwe nawapa wasome.

Simwambii mtu aache kahawa. Ukimwambia mtu wa Tanga aache kahawa ya kijiweni umemtafutia ugomvi na barza nzima. Ninachotaka upange ni saa. Ndani ya kahawa, chai na enaji (vinywaji vya kuongeza nguvu) kuna kichangamsho kiitwacho kafeini. Kafeini ileile inayokuchangamsha saa tatu usiku ndiyo inayokufanya umfokee mtoto saa sita mchana kesho yake, ikiwa imeingia mwilini kwa wakati usiofaa.

Saa zote humu ni za Kiswahili.

Nani asianze peke yake

Zungumza kwanza na daktari au muuguzi wako ikiwa una mimba, una ugonjwa wa moyo, umewahi kupata vipindi vya hofu kali ya ghafla, au una ugonjwa wa akili wa kupanda na kushuka kwa hisia, ule unaoitwa baipola. Kwa mtu wa baipola, kukesha kwenyewe kunaweza kumwamshia ugonjwa, hata bila kahawa. Anayetumia lithiamu, dawa ya baipola, asipunguze wala kuongeza kahawa kwa ghafla: kafeini husaidia figo kuitoa lithiamu, kwa hiyo ukiacha kahawa ghafla dawa inapanda kwenye damu na inaweza kukudhuru. Anayetumia klozapini, dawa nyingine ya ugonjwa wa akili, naye aseme kliniki kabla ya kugusa chochote, kwa sababu kafeini huipandisha dawa hiyo.

Vitu vya kuwa navyo

- Daftari dogo na kalamu. Simu inafaa, ila kalamu haikuletei ujumbe wa kukukera ukiwa unaandika.
- Kikombe kimoja cha nyumbani unachokijua ujazo wake. Kipime kwa chupa ya maji ya nusu lita, utajua kinachukua kiasi gani.
- Saa ya kuamsha.
- Pazia zito, au khanga mbili zilizoshonwa pamoja, kwa wanaolala mchana. Chandarua pia, maana mbu wa huku hawajui kwamba wewe ndiyo kwanza umetoka kazini.
- Mtu mmoja wa nyumbani anayejua unachofanya. Huyo ndiye atakayekwambia kama umepoa au bado.

Jambo moja la kuelewa, halafu tuingie kazini

Kadiri unavyokaa macho, ubongo unakusanya kemikali iitwayo adenosini, na hiyo ndiyo inayokuletea usingizi. Kafeini inakaa pale ambapo adenosini ingekaa, basi husikii usingizi. Haiiondoi. Ni sawa na kufunika kioo cha mita ya LUKU kwa kitambaa: huoni namba, lakini uniti zinaendelea kuisha. Kafeini ikipungua, uchovu wote uliokusanyika unakuja pamoja, na mara nyingi unakuja na sura ya hasira au unyonge wa moyo kabla hujaanza kupiga miayo.

Hatua ya 1: Andika siku saba bila kubadilisha kitu

Usianze kwa kujinyima. Kunywa kama kawaida yako, ila andika. Kila siku iwe na mistari mitatu: ulichokunywa na saa yake, saa uliyolala na saa uliyoamka, na hali ya moyo kwa alama 1 hadi 5. Moja ni "nisisemeshwe", tano ni "nacheka na kila mtu". Jipe alama hizo mara tatu: ukiamka, katikati ya kazi, na ukirudi nyumbani.

Ukurasa wa mlinzi unaweza kusomeka hivi:

Jumanne. Saa 11 jioni finjani tatu kijiweni. Saa 3 usiku enaji moja. Saa 8 usiku chai ya rangi. Saa 11 alfajiri enaji ya pili, "nisisinzie kabla ya kukabidhi". Nimelala saa 2 asubuhi, nimeamka saa 6 mchana. Hali: kuamka 1, kazini 3, kurudi 2. Nimegombana na jirani kwa sababu ya redio.

Itazame ile enaji ya alfajiri. Ameinywa saa tatu tu kabla ya kulala, akalala kwa muda wa saa nne tu, akaamka na alama moja, kisha lawama zote zikaenda kwa jirani. Redio labda ilikuwa juu kweli. Lakini siku aliyolala vya kutosha redio hiyohiyo isingemfikisha ukutani.

Kosa la kawaida: watu huandika kahawa wakasahau chai. Wengine husahau kola, "maana ni soda tu".

Hatua ya 2: Ijue kafeini yako yote

Makadirio haya yanatosha kwa kazi yetu:

- Kahawa ya kuchuja, kikombe cha ml 240: karibu mg 95.
- Kahawa ya unga wa kukoroga, kikombe hichohicho: karibu mg 60.
- Chai ya rangi, kikombe hichohicho: mg 40 hadi 50. Ikiiva sana inapanda.
- Kola ya ml 350: karibu mg 34.
- Enaji: soma ubavuni. Nyingi zimeandikwa mg 32 kwa kila ml 100. Chupa ya ml 300 basi ina mg 96, na mbili zinakaribia mg 200.
- Baadhi ya vidonge vya kichwa vya parasetamoli vimeongezwa kafeini, mg 65 kwa kidonge. Ukimeza viwili umeongeza mg 130.

Hicho cha mwisho kinawashangaza wengi hapa dukani. Mtu kichwa kinamuuma kwa kukosa usingizi, anameza vidonge viwili vyenye kafeini saa nne usiku, halafu analalamika hakupata usingizi. Uliza muuzaji kabla ya kununua: hii ina kafeini? Ipo isiyo nayo.

Kahawa chungu ya birika haina lebo. Nguvu yake inategemea muuzaji na aina ya buni: robusta, inayolimwa sana Kagera, ina karibu mara mbili ya kafeini iliyomo kwenye arabika ya milimani. Kwa hiyo usijisumbue na miligramu. Hesabu finjani, na ujaribu kuwa na muuzaji mmoja katika siku hizi za majaribio.

Kuhusu kiwango, Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilisema mwaka 2015 kwamba mtu mzima mwenye afya asizidi mg 400 kwa siku, wala mg 200 kwa mkupuo mmoja. Kwa mjamzito ni mg 200 kwa siku nzima. Hicho ni kikomo. Usikifanye lengo.

Nikiruhusiwa kusema langu: kahawa ya kijiweni hainitishi kama enaji. Finjani ni ndogo, inachoma mdomo, unainywa polepole huku mnabishana kuhusu timu ya Coastal Union, na kashata mkononi. Enaji ya baridi mtu anaikata kwa mara moja akiwa peke yake juu ya pikipiki, na dakika kumi baadaye anafungua ya pili kwa kuwa ya kwanza "haijafanya kazi". Ilikuwa njiani. Kafeini huchukua kama nusu saa hadi saa nzima kufika kileleni kwenye damu.

Hatua ya 3: Anza na saa ya kulala, kisha rudi nyuma saa nane

Ukishindwa hatua nyingine zote, shika hii.

Wanasema Tanga waja leo waondoka leo. Kafeini haina mwendo huo. Kwa mtu mzima wa kawaida, nusu ya uliyokunywa bado imo mwilini baada ya kama saa tano, na robo baada ya saa kumi. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani waliwapa watu mg 400 za kafeini saa sita kabla ya kulala. Usingizi wao ulipungua kwa zaidi ya saa moja, na wenyewe hawakuhisi kwamba umepungua kiasi hicho. Kwa hiyo anayesema "mimi kahawa hainizuii kulala" anasema kweli kuhusu anavyohisi. Usingizi wake ni habari nyingine.

Sasa piga hesabu yako:

- Mlinzi anayelala saa 2 asubuhi: kafeini ya mwisho saa 6 usiku.
- Bodaboda anayelala saa 8 usiku: ya mwisho saa 12 jioni.
- Mwanafunzi anayelala saa 5 usiku: ya mwisho saa 9 alasiri.

Kama saa nane ni ngumu, anza na sita. Chini ya hapo unajidanganya.

Najua hesabu hii inagusa barza ya jioni. Huna haja ya kukimbia watu wako. Maji ya moto ya tangawizi hayana kafeini, mchaichai hauna, na wauza kahawa wengine hubeba tangawizi kwenye birika la pili. Chukua finjani yako ya tangawizi, kaa, bishana. Ukiondoka kwenye kijiwe kwa ajili ya afya utapata usingizi ukapoteza marafiki, na upweke nao huvunja moyo.

Wapo ambao saa nane haziwatoshi. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni huifanya kafeini ikae mwilini karibu mara mbili ya muda wa kawaida. Mimba ikiwa kubwa, nusu ile inaweza kuchukua hata saa kumi na tano. Dawa ya siprofloksasini, ile watu wanaita sipro, nayo huichelewesha kafeini kutoka. Ukiwa kwenye dozi yake na umeanza kutetemeka kwa kikombe kilekile cha siku zote, hujarogwa. Punguza kahawa mpaka dozi iishe, dozi yenyewe usiikatishe.

Hatua ya 4: Punguza kwa robo, usikate ghafla

Kama daftari linaonesha umezidi, punguza robo ya jumla yako kila baada ya siku tatu au nne. Unakunywa finjani nane? Sita kwanza. Ukizoea, nne au tano.

Anayekata ghafla anakutana na kichwa kinachogonga, uchovu, hasira za karibu na moyo mzito. Huanza kati ya saa 12 na 24 baada ya kikombe cha mwisho, huwa kali zaidi siku ya kwanza au ya pili, na zinaweza kuendelea hadi siku tisa. Tangu 2013 madaktari wa akili wa Marekani wameiweka hali hii kwenye kitabu chao cha utambuzi wa magonjwa, kwa hiyo usimcheke anayeilalamikia. Kosa ni kudhani hayo ndiyo maisha bila kahawa. Mtu anajaribu siku mbili, anaona amekuwa simba nyumbani, anarudi kwenye finjani nane na kusema bora hivi.

Wavuvi wa dagaa mna bahati moja. Siku za mbalamwezi taa hazivuti dagaa na wengi mnapumzika. Anzeni kupunguza hapo, si katikati ya giza mkiwa baharini.

Hatua ya 5: Kunywa kidogo kidogo mwanzoni mwa shifti

Badala ya enaji mbili saa 9 usiku, kunywa kikombe kidogo unapoanza kazi na kingine baada ya saa mbili tatu, mpaka ufike kwenye saa yako ya kukoma. Dozi kubwa kwa mkupuo ndiyo inayoleta mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio na wasiwasi usio na sababu. Mtu mwenye tabia ya wasiwasi mwili wake huusoma mshtuko huo kama hatari halisi: anaanza kuwaza mkopo, anawaza mama yake aliye Muheza, anawaza kufa. Saa moja nyuma alikuwa anaimba.

Usichanganye enaji na pombe. Kafeini inakuficha ulevi lakini haiuondoi. Na mirungi mwiko: ni haramu kisheria nchini, na kuiongezea kahawa ni kuupiga moyo kwa fimbo mbili.

Hatua ya 6: Lala dakika ishirini kazini, kama kazi inaruhusu

Kwa wanaoruhusiwa kupumzika: kunywa kikombe chako kidogo, tega saa dakika 20, jilaze. Ukiamka kafeini ndiyo inaanza kupanda, na usingizi mfupi umepunguza uchovu wenyewe. Usizidishe nusu saa, utaamka na mawenge. Baada ya kuamka jipe dakika kumi na tano za kunawa uso na kutembea kabla ya kushika usukani au mashine.

Iwe kabla ya saa yako ya kukoma. Baada ya hapo lala bila kikombe.

Mlinzi asilale lindoni halafu aseme duka la dawa ndilo lililomruhusu.

Hatua ya 7: Kula chepesi, kunywa maji

Hapa sina mengi. Ugali mkubwa saa 8 usiku utakulaza. Njaa nayo ukiishinda kwa enaji inageuka hasira. Supu ya pweza, mayai, chungwa la Muheza, mihogo kiasi. Maji kila saa, hasa miezi ya kaskazi joto linapobana hata usiku.

Hatua ya 8: Usifanye uamuzi wowote wa moyo kati ya saa 9 na saa 11 alfajiri

Saa hizo mwili unafika chini kabisa: joto lake limeshuka, umakini umeshuka, na subira imekwenda navyo. Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2007 uliwaonesha watu picha za kuchukiza. Kwa waliokeshwa, sehemu ya ubongo inayoshughulika na hofu na hasira iliitika kwa nguvu zaidi, kwa karibu asilimia 60, kuliko kwa waliolala. Maneno ni yaleyale, ila yakimkuta aliyekesha yanauma zaidi.

Kwa hiyo jiwekee sheria. Saa hizo usimjibu anayekudai. Usimwandikie mkeo au mumeo ujumbe mrefu. Usiache kazi. Usisome mabishano ya kundi la ukoo. Ukiwa na la kusema liandike kwenye daftari, ulale, ulisome ukiamka. Utakuta jambo moja kati ya yale uliyoandika linafaa kusemwa kweli, na utalisema vizuri zaidi. Mengine yalikuwa uchovu.

Wenye shifti pamoja muambiane. "Saa kumi hii, tuachane nalo mpaka asubuhi" ni sentensi iliyookoa urafiki mwingi.

Hatua ya 9: Ulinde usingizi wa mchana

Ukitoka kazini jua limeshachomoza. Vaa kofia au miwani ya jua njiani, maana mwanga wa asubuhi unauambia mwili siku imeanza. Ila ukiendesha mwenyewe na usingizi umekushika, baiskeli, pikipiki hata gari, kiache chombo ulinzini kwanza usinzie kidogo, au mtu akupeleke.

Nyumbani: pazia zito, feni iwashwe hata kama si joto sana kwa sababu mngurumo wake unafunika kelele za mtaa, simu iwe chumba kingine. Waambie majirani saa zako bila ukali. Sema, "Shikamoo mama, mie nalala mpaka saa nane, naomba mnisaidie redio." Ukisema hivyo siku una alama nne kwenye daftari utaeleweka. Ukienda siku una alama moja, mtaa mzima utahadithia.

Lenga kulala kwa jumla ya saa saba. Ukipata saa tano tu kwa mkupuo, ongeza kausingizi kafupi kabla ya kwenda shifti.

Hatua ya 10: Baada ya wiki mbili, soma daftari lote

Linganisha alama za hali ya moyo na saa ya kikombe cha mwisho. Usitazame siku mojamoja, tazama mwelekeo. Kwa wengi alama ya kuamka ndiyo inayopanda kwanza, ile ya kurudi nyumbani baadaye. Mpe daftari yule mtu wako wa nyumbani naye aseme.

Makosa ninayoyaona sana dukani

Kutafuta dawa ya kulalia. Diazepamu ni dawa ya cheti cha daktari na ina uraibu wake. Hutaipata kwangu kwa maneno matamu. Wengine wananunua pritoni kwa kisingizio cha mafua. Inalaza, ndiyo, lakini inakuachia uzito kichwani siku nzima, na uzito huo unautibu kwa kahawa zaidi. Mzunguko umekamilika.

Kuacha sigara na kubaki na kahawa ileile. Moshi wa sigara huufanya mwili utoe kafeini haraka, karibu maradufu. Ukiacha sigara, finjani zako nne zinakuwa na nguvu kama za nane. Wengi hudhani kutetemeka ni hamu ya sigara, wakairudia. Unapoacha sigara, gawanya kahawa kwa mbili.

Kukimbilia kwa mganga. Tanga waganga hodari tunao na simdharau mtu. Ila kabla hujanunua jogoo mwekundu, jaza hilo daftari siku kumi na nne. Ni rahisi kuliko jogoo.

Mambo yakienda kombo

*Nimepunguza, kichwa kinauma vibaya.* Umepunguza haraka. Rudi hatua moja nyuma, kaa siku nne, kisha endelea. Parasetamoli isiyo na kafeini inaruhusiwa kwa mtu asiye na katazo.

*Nimekunywa enaji tatu, moyo unakwenda mbio na nahisi nakufa.* Acha kunywa chochote chenye kafeini, kaa mahali penye hewa na mtu pembeni yako, pumua taratibu. Mara nyingi hupungua ndani ya saa chache. Ukiwa na maumivu ya kifua, kuzimia, kutapika mfululizo au mapigo yasiyo na mpangilio, usisubiri: kimbizwa hospitali, na useme umekunywa nini na ngapi.

*Kahawa nimeipanga, usingizi napata, bado moyo ni mzito.* Huzuni au kukosa hamu ikizidi wiki mbili na inagusa kazi, chakula na watu wako, hiyo si kahawa tena. Nenda kituo cha afya au hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, uulize huduma ya afya ya akili. Mkoa wetu pia una hospitali ya Lutindi kule Korogwe, ya Kanisa la Kilutheri (KKKT), iliyoanza kuhudumia wagonjwa wa akili tangu enzi za Wajerumani. Kwenda huko si aibu. Na ukipata mawazo ya kujidhuru, nenda leo, usiende peke yako.

*Silali kabisa siku mbili lakini najisikia na nguvu nyingi, nina mipango mia, nagawa pesa.* Hii watu huifurahia, na ndiyo inayonitisha kuliko uchovu. Acha kafeini na mwambie mtu wa nyumbani akupeleke hospitali siku hiyohiyo.

*Shifti zetu zinabadilika kila wiki.* Kariri hesabu, usikariri saa. Kila ukipata ratiba mpya, andika saa ya kulala juu ya ukurasa, rudi nyuma saa nane, zungushia duara. Siku ya mabadiliko tegemea alama ndogo na usipange kikao cha familia siku hiyo.

*Ramadhani je?* Kile kichwa cha siku za mwanzo za mfungo mara nyingi si njaa. Ukinywa kahawa ya mwisho usiku wa saa nne, saa ishirini baadaye unakuta ni saa kumi na mbili jioni, na kichwa kimeanza kugonga tangu alasiri. Anza kupunguza kwa robo kuanzia katikati ya Shaabani, ili mwezi ukiandama uwe umefika finjani moja au mbili. Hizo zinywe mara baada ya futari, usizisogeze mpaka baada ya tarawehe. Kwenye daku kunywa maji na uji. Chai kali ya daku itakufikisha adhuhuri ukiwa macho, halafu alasiri uwagombeze wanunuzi.